Magoti Yanayogongana: Kipi Hunyooshwa na Muda, Kipi na Mazoezi, na Kipi Humhitaji Daktari

Simama mbele ya kioo kirefu, miguu wazi hadi mapajani, kisha isogeze ikaribiane polepole. Kuna ambao vifundo hukutana kwanza na magoti yakabaki yameachana. Hao wana matege. Kuna ambao magoti hukutana kwanza na vifundo vikabaki mbalimbali. Hao ndio wenye magoti yanayogongana, na mwongozo huu ni wao na wa wazazi wenye watoto wa namna hiyo. Shida ni kwamba mitaani hali zote mbili huitwa matege, na jina hilohilo hupewa pia ugonjwa wa mifupa kulainika kwa kukosa vitamini D. Jina moja, mambo matatu, na kila jambo lina tiba yake.

Niseme mapema ninachoamini. Swali la "nifanye zoezi gani?" ni la mwisho. La kwanza ni umri. La pili ni kama kilichopinda ni mfupa, au kilicholegea ni msuli. Anayeruka maswali hayo mawili anaweza kufanya mazoezi mwaka mzima kwa bidii na mfupa usisogee hata digrii moja. Au atamhangaisha mtoto wa miaka mitatu kwa vyuma na viatu vizito, kumbe miguu hiyo ingenyooka yenyewe.

Hatua ya 1: Hesabu umri

Mtoto huzaliwa na matege kwa sababu tumboni alikuwa amejikunja. Matege hayo hupungua anapojifunza kutembea, na kati ya miezi 18 na 24 miguu huwa imenyooka. Wazazi hushusha pumzi, kumbe safari haijaisha: miguu huendelea kwenda upande wa pili. Kati ya miaka 3 na 4 ndipo magoti hugongana kuliko wakati mwingine wowote, mara nyingi kwa digrii 10 hivi, kisha taratibu huanza kurudi. Akifika miaka 7 au 8, miguu huwa imetulia katika umbo atakalokuwa nalo ukubwani. Mkondo huu ulichorwa kwa vipimo na Salenius na Vankka wa Ufini mwaka 1975, na madaktari wa mifupa ya watoto bado wanautegemea.

Hata mguu wa mtu mzima unaosifiwa kwa unyoofu haujanyooka kama rula. Mfupa wa paja na mfupa wa muundi hukutana gotini kwa pembe ya digrii 5 hadi 7 kuelekea nje. Kwa hiyo anayetaka magoti yasigusane kabisa anatafuta kitu ambacho maumbile hayakukipanga, na picha za mitandaoni zenye mstari mwekundu uliochorwa kutoka pajani hadi unyayoni zisikutishe.

Basi mtoto wa miaka 3 ambaye miguu yote miwili imepinda sawasawa, haumwi, anakimbia na wenzake: msubiri, mpime kila miezi sita. Mtoto wa miaka 9 ambaye magoti yanazidi kugongana kila mwaka: usimsubiri. Msichana wa miaka 12 au mvulana wa miaka 14: nenda mwezi huu, na sababu utaiona mbele. Mtu mzima yeye mifupa yake imeshafunga, yaani haikui tena, njia zake ni nyingine.

Hatua ya 2: Pima nyumbani, na upime vizuri

Unahitaji futi ya kitambaa kama ya fundi cherehani na simu yenye kamera.

Mpimwaji asimame bila viatu, magoti yamenyooka. Kabla ya kitu kingine, tazama pia za magoti, yaani vile vifupa vya mviringo vya mbele. Lazima zitazame mbele moja kwa moja. Hapa ndipo wengi hukosea. Baadhi ya watoto mfupa wa paja umejisokota kuelekea ndani tangu nyongani, kwa hiyo pia za magoti hutazamana na miguu huonekana imegongana hata kama haijagongana. Ni hao utakaowaona wakikaa sakafuni magoti mbele, nyayo zimetupwa nje kila upande. Msokoto huo ni jambo jingine, na kwa watoto wengi hupungua wenyewe kufikia miaka 8 hadi 10.

Pia zikishatazama mbele, sogeza miguu mpaka magoti yagusane kidogo tu, yasibanane wala lisipande moja juu ya lingine. Sasa pima umbali kati ya macho ya miguu ya upande wa ndani, ule mfupa uliotokeza kwenye kila kifundo. Andika namba na tarehe, kisha piga picha ya mbele, kamera ikiwa usawa wa magoti. Ukipiga kutoka juu, miguu yoyote itaonekana imepinda.

Umbali ukizidi sentimita 8, mtoto anastahili kuonwa na daktari. Lakini namba moja haitoshi. Mtoto aliyekuwa na sentimita 7 mwaka jana na leo ana 5 yuko njiani kupona. Aliyekuwa na 4 na leo ana 7 bado hajavuka mstari, ila ndiye anayenipa wasiwasi zaidi.

Onyo kwa watu wazima na watoto wanene: mapaja yaliyojaa huzuia miguu kukaribiana na hufanya vifundo viachane. Kipimo cha futi hapo hudanganya. Picha ya eksirei ndiyo itakayosema kweli.

Hatua ya 3: Tafuta dalili ambazo hazisubiri

Hata kama umri unaruhusu kusubiri, dalili hizi zinaondoa ruhusa hiyo:

- Mguu mmoja umepinda na mwingine uko sawa, au mmoja umepinda zaidi kwa kiasi kinachoonekana.
- Maumivu ya goti, uvimbe, au kuchechemea.
- Magoti yalianza kugongana kabla ya miaka 2, au yameanza kugongana baada ya miaka 7.
- Mtoto ni mfupi kuliko wenzake kwa namna isiyo ya kawaida, au ndugu wa damu wana mifupa iliyopinda.
- Vifundo vya mikono, karibu na viganja, vimenenepa, mbavu zina vinundu kama shanga mahali zinapokutana na gegedu la kifua, meno yamechelewa, au alichelewa kutembea. Hizi ni dalili za mifupa kulainika.
- Aliwahi kuvunjika karibu na goti, au kupata maambukizi ya mfupa utotoni.

Hilo la kuvunjika lina kisa chake. Mfupa wa muundi ukivunjika karibu na goti kwa mtoto mdogo, unaweza kuunga vizuri kabisa, bandeji ngumu ikatolewa, kila mtu akafurahi, halafu miezi kadhaa baadaye mguu huo ukaanza kupinda kuelekea nje. Mzazi hudhani aliyemtibu alikosea. Mara nyingi hakukosea. Mfupa umekua haraka zaidi upande wa ndani wakati wa kupona. Kwa kawaida mguu hujirudi ndani ya miaka miwili mitatu, lakini lazima ufuatiliwe kwa vipimo.

Hatua ya 4: Mfupa au msuli?

Jaribio hili ni la vijana na watu wazima. Lala chali, miguu imenyooka, pia za magoti zikitazama juu, kisha sogeza miguu ikutane. Kama vifundo bado vimeachana hata ukiwa umelala bila uzito wowote, umbo hilo ni la mfupa.

Sasa simama kwa mguu mmoja mbele ya kioo na uchuchumae kidogo, robo tu ya njia. Tazama goti. Likibaki juu ya kidole cha pili cha mguu, misuli yako inalishika. Likiporomoka ndani hadi kupita kidole gumba, nyonga ikishuka upande mmoja na mwili ukiyumba, misuli ya makalio na nyonga ni dhaifu au haijafundishwa kazi yake.

Ukilala na miguu ikawa sawa, lakini ukichuchumaa goti linaporomoka, tatizo lako ni la msuli na mazoezi yatakusaidia sana. Ukiwa na yote mawili, mazoezi yatapunguza maumivu na kuzuia hali isizidi, lakini hayatabadilisha mfupa. Video zinazoahidi kunyoosha miguu kwa siku 30 huchanganya hali hizi mbili kwa makusudi: humwonyesha mtu aliyesimama magoti yakiwa yameporomoka, kisha mtu huyohuyo akiwa amekaza makalio na kugeuza nyayo nje. Ni picha mbili za dakika moja.

Hatua ya 5: Unapofika kwa daktari

Mtafute daktari bingwa wa mifupa, na kwa mtoto, mwenye uzoefu na watoto ikiwezekana. Peleka namba zako na picha zako zenye tarehe. Zitamwambia zaidi ya maelezo ya nusu saa.

Picha ya eksirei unayohitaji ni ya miguu yote miwili kwa pamoja, kutoka nyonga hadi vifundo, ukiwa umesimama na pia za magoti zikitazama mbele. Picha ya goti peke yake huonyesha kama kuna kusagika, lakini haisemi mguu umepinda kiasi gani. Kwenye ile picha ndefu daktari huchora mstari kutoka katikati ya kichwa cha mfupa wa paja hadi katikati ya kifundo. Kwa mguu ulio sawa mstari hupita karibu na katikati ya goti. Magoti yakigongana mstari huhamia upande wa nje, na uzito mwingi hubebwa na upande huo. Picha hiyo pia huonyesha kama kilichopinda ni mfupa wa paja, kama ilivyo mara nyingi, au wa muundi, au yote miwili. Upasuaji ukifanywa kwenye mfupa usiohusika, goti hubaki limelala kwa mshazari hata kama mguu kwa mbali unaonekana umenyooka.

Kama kuna dalili za mifupa kulainika, damu itapimwa kalsiamu, fosfeti, kiwango cha vitamini D, kimeng'enya cha alkalini fosfateti, na kazi ya figo. Usikubali kupewa vidonge vya vitamini D kwa kukisia na kuambiwa urudi baada ya mwaka. Kuna aina za ugonjwa huu zinazosababishwa na figo, au na kurithi hali ya kupoteza fosfeti kwenye mkojo, na hizo haziponi kwa vitamini D ya kawaida. Kama maji mnayokunywa yana floraidi nyingi, litaje hilo pia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuzidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa, hasa ya mtoto asiyepata kalsiamu ya kutosha.

Hatua ya 6: Tiba ya mtoto ambaye bado anakua

Ikiwa chanzo ni mifupa kulainika, tiba ya kwanza ni kurudisha vitamini D na kalsiamu kwa dozi ya daktari, kwa majuma kadhaa hadi miezi. Mtoto mdogo akitibiwa mapema, miguu yake inaweza kunyooka yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili bila kisu. Na hata kama upasuaji utahitajika, mifupa iponywe kwanza. Anayepasua mfupa ambao bado ni laini anaweza kuuona ukipinda tena.

Ikiwa kupinda kumebaki baada ya umri wa kujinyoosha, kuna njia ambayo ningependa kila mzazi aijue kabla wakati haujapita. Samaki mkunje angali mbichi, na mfupa wa mtoto ndiye huyo samaki. Karibu na goti kuna gegedu la ukuaji, tabaka linalozalisha mfupa mpya. Daktari huweka kibamba kidogo cha chuma chenye skrubu mbili upande wa ndani wa goti, skrubu moja juu ya gegedu na nyingine chini yake. Upande wa ndani unazuiwa kukua, wa nje unaendelea, na mguu unajinyoosha kwa nguvu ya ukuaji wake mwenyewe. Wazo lenyewe ni la zamani: Walter Blount, Mmarekani, aliandika kuhusu pini za chuma za kuzuia ukuaji mwaka 1949. Kibamba chenye skrubu mbili kilienea baada ya Peter Stevens, naye Mmarekani, kuchapisha matokeo yake mwaka 2007.

Ni upasuaji mdogo. Mfupa haukatwi, na watoto wengi hutembea baada ya siku chache. Kunyooka huchukua takriban mwaka mmoja, kutegemea kasi ya ukuaji. Lakini kuna masharti mawili. La kwanza, mtoto lazima abakiwe na ukuaji wa kutosha, angalau mwaka mmoja na zaidi. Ukuaji wa goti huelekea kufungwa kwenye miaka 14 hivi kwa wasichana na 16 kwa wavulana, ndiyo maana nilisema wa miaka 12 aende mwezi huu. La pili, mtoto arudi kliniki kila miezi mitatu hivi bila kukosa. Kibamba hakijui wakati wa kuacha. Kikisahaulika, mguu hupitiliza na kuwa matege. Baada ya kutolewa pia hufuatiliwa, kwa kuwa kwa watoto wadogo magoti yanaweza kurudi kugongana kidogo.

Viatu maalumu, vyuma vya usiku, kufunga miguu pamoja kwa kanga, kuikanda kwa mafuta na kuivuta: hakuna kati ya hivyo kinachonyoosha magoti ya mtoto mwenye afya. Vilisifiwa kwa sababu watoto waliofanyiwa walikuwa kwenye umri wa kunyooka wenyewe. Kuvuta na kukunja kwa nguvu kunaweza kumvunja mtoto mwenye mifupa laini. Na kumbeba mtoto mgongoni hakumpindishi miguu. Mkao ule wa mapaja yaliyofunguka ni mzuri kwa nyonga zake.

Hatua ya 7: Mazoezi ya goti linaloporomoka

Fanya mara tatu kwa wiki, ukipumzika siku moja katikati, kila zoezi mizunguko mitatu ya mara 10 hadi 12. Jipe wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumu.

1. Lala ubavu, magoti yamekunjwa, visigino vimegusana. Inua goti la juu bila kuachanisha visigino na bila kuviringisha kiuno nyuma. Ukilisikia kwenye paja la mbele badala ya pembeni mwa kalio, umeviringika.
2. Lala chali, magoti yamekunjwa, mkanda wa mpira wa mazoezi umefungwa juu kidogo ya magoti. Inua nyonga huku ukisukuma magoti nje dhidi ya mpira. Shikilia sekunde tatu, shuka polepole.
3. Mpira ukiwa hapohapo, chuchumaa kidogo na utembee kwa upande hatua kumi, kisha rudi. Vidole vitazame mbele.
4. Kaa kwenye kiti na usimame bila mikono, mbele ya kioo, goti likifuata kidole cha pili.
5. Simama kwenye ngazi fupi kwa mguu mmoja na uteremshe kisigino cha mguu wa pili mpaka kiguse sakafu, kwa kuhesabu hadi nne. Hili ndilo gumu kuliko yote na ndilo linalofanana zaidi na kushuka ngazi. Usilifike kabla ya wiki ya tatu au ya nne.
6. Ukiwa umesimama, vuta upinde wa wayo juu bila kukunja vidole, kana kwamba unaufupisha unyayo. Ni kwa wenye nyayo bapa.

Kioo ni sehemu ya zoezi. Ukifanya mara mia huku goti linaporomoka, umelifundisha kuporomoka. Maumivu kidogo yanayoisha siku hiyohiyo yanavumilika. Yakibaki hadi kesho yake, punguza mara au kina. Goti likivimba, acha na umwone mtaalamu wa fiziotherapia.

Uzito nao una hesabu yake: kila kilo moja unayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Kwa mtu mnene mwenye maumivu ya goti, hakuna zoezi hapo juu linaloshinda hilo. Soli za ndani ya kiatu zinaweza kutuliza nyayo bapa zinazouma, lakini hazibadilishi pembe ya goti.

Hatua ya 8: Mtu mzima ambaye mfupa wake umepinda

Si kila mtu mzima mwenye magoti yanayogongana anahitaji upasuaji. Kama huumwi, unatembea na kupanda ngazi vizuri, na sababu pekee ni mwonekano, fikiri mara mbili. Mambo hubadilika maumivu yanapoanza upande wa nje wa goti na picha inapoonyesha gegedu la upande huo linaanza kusagika.

Kwa mtu ambaye bado si mzee, na goti lake halijasagika lote, upasuaji wa kunyoosha mfupa hulenga kuhamisha uzito kutoka upande uliochakaa. Mfupa, mara nyingi wa paja juu kidogo ya goti, hukatwa, hunyooshwa, na kushikwa kwa bamba na skrubu. Jiandae kwa magongo wiki sita au zaidi, na kwa miezi mitatu hadi minne ya mfupa kuunga sawasawa, fiziotherapia ikiendelea muda wote. Hatari zake ni maambukizi, damu kuganda mguuni, mfupa kuchelewa kuunga, na kuumia kwa mshipa wa fahamu unaopita nje ya goti, ambao ukivutwa sana unaweza kukufanya ushindwe kuinua wayo. Mvutaji sigara huulizwa aache kabla, kwa kuwa moshi huchelewesha mfupa kuunga. Kwa mwenye umri mkubwa ambaye goti limesagika kote, kubadilishwa goti mara nyingi hufaa zaidi.

Kabla ya kutia sahihi, muulize daktari: ni mfupa upi umepinda na kwa digrii ngapi? Utanionyesha mstari kwenye picha yangu? Utakata upande upi wa mfupa, na kwa nini? Lini nitakanyaga kwa uzito wote? Umefanya upasuaji huu mara ngapi? Anayekwepa hilo la mwisho, chukua picha zako uende kwa mwingine.